Uso Uliobaki Chini ya Kofia

Heppi na Jofrey, mliniomba niwaandikie mambo ya mwanga kabla sijasahau. Asanteni kwa hilo la kusahau. Magoti ndiyo yaliyonistaafisha, si kichwa. Najua mlichotaka hasa: karatasi moja ya kubandika ukutani karibu na kalenda, ina nukta kumi, mteja akiingia mnaichungulia. Hiyo siwezi. Ninachokijua kuhusu mwanga na mtu anayepigwa picha nilikipata kidogo kidogo, na kilicho kikubwa kuliko vyote nilikipata kwa kuharibu. Kwa hiyo mtasoma marefu, chai iwe karibu.

Nilianza Kasulu, kwenye studio ya Fundi Yasini. Alikuwa mtu wa Ujiji, mfupi, mwenye koti la kahawia ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Siku ya kwanza nilivaa gauni langu la kanisani nikidhani nitakabidhiwa kamera. Akanitoa uani. "Dada Anje," akasema, "kunja ngumi. Nyoosha mkono mbele. Sasa zunguka polepole, na usinitazame mimi, tazama ngumi." Nikazunguka. Majirani waliokuwa wakichambua maharage wakaacha kuchambua.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Nimeona ngumi, Fundi."

"Zunguka tena."

Nilizunguka siku tatu. Nyumbani wakaniuliza kazi ikoje, nikasema nzuri, kwa sababu ningewaambia nini? Siku ya nne ndipo macho yalipofunguka. Nikielekea jua la mchana, vifundo vya vidole vinapotea na ngumi inakuwa bapa kama andazi lililokaliwa. Nikilipa jua mgongo, ngumi inaingia kivulini lakini kila mkunjo unaonekana. Nikisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, upande mmoja unang'aa, mwingine unafifia taratibu, na ngumi inakuwa kitu ambacho ungetaka kukishika. Nikamweleza. Akasema, "Basi. Ngumi ni ile ile, umebadilisha pa kusimama tu. Wateja watakuja wakitaka uwabadilishe sura. Wewe wabadilishe pa kusimama." Halafu akanituma nikaoshe trei za dawa ya kusafishia picha.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja, kigoda, na shuka jeupe ukutani. Shuka lile lilitutesa. Kamera ya wakati ule ilikuwa na kijisindano cha kupimia mwanga, na kile kijisindano hakikuwa na habari na watu wa huku. Kikiona shuka jeupe kinadhani dunia nzima imejaa mwanga, basi kinabana mwanga, na uso wa Muha aliyekaa mbele ya shuka unatoka mweusi tititi, meno na kola tu ndivyo vinavyoonekana. Mteja anaichukua picha yake, anaitazama, anakutazama. Fundi Yasini alilichovya shuka kwenye bluu ya kufulia mpaka likatulia. Akanifundisha pia kumwendea mtu karibu kabisa, nimpime mwanga usoni kama ninampima homa, kisha nirudi nyuma bila kugusa tena kitu. Simu zenu leo zinafanya hilo zenyewe, zinachora kiboksi usoni. Mimi nilikuwa kiboksi.

Tatizo la pili lilikuwa adabu. Mnajua kwetu kusalimiana hakutupiwi njiani. Mtu anainama, anapiga makofi ya chinichini, anauliza ya nyumbani na ya shambani, na muda wote huo macho yako chini, maana kumkodolea mtu macho unapomsalimia ni ufedhuli. Sasa mtu wa namna hiyo mkalishe kwenye kigoda, mwambie akutazame machoni, na wewe ni binti mdogo kuliko mwanawe wa mwisho. Nilikuwa nikishaweka kila kitu sawa, nasema kwa upole, nikianza na salamu ya Kiha, "Mwakeye, mzee, uko tayari?" Naye kwa upole huo huo anainama na kupiga makofi, na mimi nimeshabonyeza. Nilikusanya mapaji ya nyuso na vipara vingi kuliko kinyozi yeyote wa Kasulu. Walimu na waganga waliohamishiwa kwetu kutoka mikoa mingine walikuwa rahisi, wao walikaza macho kama wanagombana na kamera. Fundi Yasini alicheka mpaka akakohoa, kisha akaweka sheria kwamba salamu zote ziishie mlangoni. Mtu akishakalia kigoda, hakuna kumsalimia tena.

Baada ya miaka kadhaa akafungua tawi hapa Kibondo akaniweka mimi. Siku ya kuondoka alinipa kamera, flashi, na sheria moja zaidi. Mkanda ulikuwa na picha thelathini na sita. "Ukiwa safarini usiumalize," akasema. "Bakiza moja. Njiani kuna mambo, na mpigapicha mwenye kamera tupu amebeba chuma." Nilimwamini kwa kila jambo, na kwa hili pia.

Nilikuwa nikienda Mabamba siku za gulio kwa baiskeli, na wakati huo baiskeli na mimi tulielewana. Nilipiga picha za watu sokoni asubuhi, kisha majumbani kwa walioniita. Siku moja nikaitwa kwa Zakaria. Alikuwa mkulima wa miaka thelathini hivi, wazazi wake walikimbia kutoka Burundi wakiwa wamembeba mgongoni, wakapewa shamba, wakabaki, wakawa Watanzania. Mkewe aliitwa Perpetua, na alikuwa na mimba ya kwanza, kubwa tayari. Zakaria alitaka picha moja ya wao wawili kabla mtoto hajaja. Moja tu, lakini iliyokamilika.

Nilifika saa saba mchana, na huo ndio muda mbaya kuliko yote. Jua liko utosini, macho ya kila mtu ni mashimo mawili. Nikawaomba wasimame chini ya upenu, pale mwanga unapoingia kwa ubavu. Zakaria akakataa. Nyumba ilikuwa na bati jipya, alitaka bati lionekane. Uani kulikuwa na muhogo umeanikwa kwenye turubai, mweupe pee, mavuno ya kwanza ya shamba lao wenyewe, nao alitaka uonekane. Nikamwomba basi avue kofia.

"Dada," akaniambia, "kofia hii nimeinunua kwa ajili ya picha."

Utamwambia nini mtu kama huyo? Nikamsogezea kofia nyuma kidogo. Perpetua akakaa kwenye kiti, yeye akasimama pembeni ya turubai, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakata. Nikainua kamera. Ilikuwa picha ya thelathini na tano. Kidole kilikuwa kimeshaamua, na wakati huo huo mzee wa jirani akapita njiani, akasema, "Amahoro." Ndiyo salamu yao, wanatakiana amani. Nani angekaa wima, kidevu juu, mzee akimsalimia? Zakaria akainama, akapiga makofi, akaitikia. Kamera ikalia.

"Imetoka?" akauliza.

"Imetoka vizuri," nikasema.

Nataka mlielewe jambo hili. Nilijua. Nilikuwa nimeona ukingo wa kofia ukishuka na uso wote ukizama kivulini. Flashi ilikuwa begini. Mkanda ulikuwa na nafasi moja. Lakini ile nafasi ilikuwa ya njiani, ndiyo sheria, na wingu lilikuwa linajikusanya upande wa Kibondo, na barabara ile ikinyesha ni utelezi mtupu. Nikafunga begi, nikaagana nao, nikapanda baiskeli. Njiani hapakutokea jambo lolote. Hata mbuzi hakuvuka.

Mkanda ulipelekwa mjini kusafishwa kwenye mashine, ukarudi baada ya wiki tatu. Bati lilitoka. Muhogo ulitoka. Perpetua alitoka vizuri, ingawa alikuwa anamgeukia mumewe kidogo. Shati la Zakaria liliungua kwa weupe, mikono yake ilikuwa ukungu, na chini ya kofia palikuwa na weusi tu. Sikuipeleka mwenyewe. Niliituma kwa mama mmoja muuza dagaa aliyekuwa anakwenda Mabamba, kwa sababu sikutaka kuwapo wakati bahasha inafunguliwa. Nilijiambia nitaenda mwezi unaofuata na mkanda mpya, nitawapiga picha upya, na nitaanza na wao.

Sikwenda mwezi uliofuata. Kazi zilikuwa nyingi, sababu hazikosekani. Nilipokwenda, Zakaria alikuwa ameshazikwa. Homa ya siku chache. Mtoto alikuwa hajazaliwa. Watu sokoni waliniambia kama wanavyosimulia habari za mvua, nami nikaendelea kupiga picha mpaka mkanda ukaisha, kisha nikarudi Kibondo bila kupita nyumbani kwake. Hilo nalo nalisema kwa sababu mmenikuta mzee mwenye sifa, na mngeweza kudhani sifa hizo zilikuwapo siku zote.

Miaka iliyofuata mnaifahamu kwa kusimuliwa. Fundi Yasini alifariki, mikanda ikatoweka madukani, kamera za kadi zikaja. Nilijifunza kompyuta nikiwa na miwani tayari. Nilipiga picha za vitambulisho mpaka nikawa nawajua watu wa Kibondo kwa masikio yao. Nilipiga picha mapacha ambao hata mama yao alisita kuwatofautisha, nikawatenganisha kwa kumweka mmoja karibu na dirisha. Na mikanda ya zamani yote niliihifadhi kwenye makopo ya biskuti, ule wa Mabamba nikiwa nimeufunga peke yake kwenye karatasi. Sikuufungua. Nilijua tu uko wapi.

Sasa tunafika kwa Estela, na hapo mlikuwapo. Alikuja mwezi wangu wa mwisho kazini, mwalimu wa shule ya msingi kule Nyabibuye, mpole, amebana bahasha kwapani. "Shikamoo, Mama," akasema. "Nyuma ya picha hii kuna muhuri wa studio hii." Akaitoa. Sikuhitaji kuigeuza. Akaeleza kwamba anaolewa, kwamba siku ya kuagwa nyumbani kwao familia ya mume itakuwa imekaa mbele, na yeye anataka picha ya baba yake iwe mezani. Alizaliwa baba yake akiwa ameshakufa. Hakuna picha nyingine. Je, hatuwezi kuwasha taa humo ndani ya kofia?

Heppi, sikulaumu. Ulifanya ulichokijua. Uliipiga picha ile kwa simu, ukaiingiza kwenye ile programu yako, na kabla sijapata la kusema, chini ya kofia pakawa na mwanamume. Macho, nyusi, pua, tabasamu lenye meno yote. Alikuwa mzuri, na mwanga ulimkaa vizuri kuliko wateja wangu wengi. Estela akaishika simu kwa mikono miwili, akaanza kulia, akasema, "Kumbe alikuwa hivi."

Nikamwambia, "Mwanangu, hatujui kama ni yeye. Simu imebuni."

Akanitazama. "Na mimi sijui, Mama. Ndiyo maana nimekuja."

Sijawahi kujibiwa hivyo katika kazi hii. Nilikaa kwenye kigoda cha wateja. Nikamuuliza kama mama yake yuko hai, akasema yuko, bado yuko kwenye nyumba ile ile Mabamba. Nikamwomba anipe siku tatu, halafu twende pamoja kwa mama yake, na picha ya Heppi tuibebe, na yangu pia, kama itakuwapo.

Jofrey, wewe unakumbuka zile siku. Nilifungua ile karatasi, ukauweka mkanda kwenye skana, tukaanza. Nataka niandike tulichokiona kwa sababu ndilo somo mliloniomba. Mashine ya kusafishia ya zamani iliona shati jeupe, muhogo mweupe na bati linalowaka, ikaamua picha nzima ina mwanga mno, ikaitia giza yote. Giza lile la kwenye karatasi lilikuwa la mashine. Kwenye mkanda wenyewe palikuwa na zaidi. Tulipoanza kuvuta vivuli, yaani kuviongezea mwanga kwenye kompyuta, kwanza kilitoka kidevu. Kisha midomo. Kisha sehemu ya chini ya pua. Wewe ukaniuliza mwanga huo umetoka wapi wakati jua liko juu na kofia imeziba. Ulitoka chini. Alikuwa ameinama juu ya turubai la muhogo, na ule weupe ulirudisha jua ukalirusha usoni kwake. Angekaa wima kama nilivyomwambia, yale mashavu yangebaki kivulini. Juu ya pua hapakuwa na kitu kabisa. Ukaniambia ukivuta zaidi yatatokea macho. Nikakukataza, kwa sababu pale mkanda haukuandika chochote, na ambacho kingetokea kingekuwa chetu.

Kwa hiyo tulikuwa na nusu ya mtu. Kidevu kipana, mdomo umefunguka kidogo, pengo dogo kati ya meno ya mbele. Nikaichapisha kwenye karatasi nzuri.

Tulikwenda Mabamba mimi na Estela. Njia nzima nilimweleza mambo ya mvua na shule. Perpetua alitupokea mlangoni, nywele zimekuwa nyeupe, mikono bado ya mtu anayelima. Tukasalimiana kwa kirefu kama inavyotakiwa. Tukakaa. Estela akampa kwanza ile ya Heppi, ambayo nayo tulikuwa tumeichapisha.

Mama yake akaisogeza kwenye mwanga wa mlango. Akaitazama kwa ukarimu kabisa. "Kijana mzuri," akasema. "Ndiye mchumba wako?"

Mimi nikaitoa ya pili nikamwekea magotini. Perpetua akaiinamia. Kisha akaweka kidole chini ya mdomo ule, akakipitisha kidevuni mpaka upande wa pili. "Zakaria," akasema. "Hapa anamwitikia Mzee Bikori. Anasema amahoro. Ona pengo lake." Akamwangalia mwanawe. "Alikuwa anapulizia mluzi hapo."

Nilidhani nitasubiri wakati mzuri, lakini nikajua hautakuja. Nikamwambia Perpetua kwamba siku ile nilijua picha imeharibika. Kwamba nilikuwa na nafasi moja kwenye mkanda na nikaibakiza. Nikautoa ule mkanda nikawaonyesha dhidi ya mwanga, hapa Zakaria, na hapa mbele yake kipande kitupu ambacho hakikupigwa kitu mpaka leo. Nikasema, "Hiyo ndiyo ilikuwa yake, nami nilimnyima. Nisameheni."

Estela akauchukua mkanda. "Hiki hapa?" akauliza. Nikasema hicho. "Na ulikuwa unakibakizia nini?" Nikasema sijui. Akakitazama kile kipande kwa muda, na uso wake ulikuwa na hasira, hasira ya haki, na sikutafuta neno la kuipunguza.

Perpetua ndiye aliyezungumza. "Dada, na sisi tulijua," akasema. "Tulikuona ulivyofunga begi mbiombio. Ulipoondoka tu alianza kucheka, na alicheka mpaka tukala ugali. Alinishika hapa tumboni, akasema, 'Yule dada amepiga picha kofia. Mtoto huyu atadhani baba yake ni kofia.'"

Estela akauteremsha mkanda. "Alisema hivyo?"

"Alisema."

"Kuhusu mimi?"

"Kulikuwa na mtoto gani mwingine?"

Heppi, picha yako Estela alikuomba uifute na sasa unajua kwa nini. Ile nusu ndiyo iliyokaa mezani siku yake, na watu wa upande wa mume walipouliza mbona haina macho, aliwaambia habari ya kofia. Lakini hayo yalikuja baadaye. Pale nyumbani alisogeza kiti chake mpaka magoti yake yakagusana na ya mama yake, akamwomba aseme tena yale maneno, ila aseme kwa Kirundi, kama alivyoyasema baba yake mwenyewe. Perpetua akakohoa, akajaribu kuifanya sauti yake iwe nzito, akashindwa, akacheka, akaanza upya. Estela alimwomba mara tatu, na mara zote tatu akamsemea.